Pikapu ileile ya kuni, bei mara tatu. Ni mkoa au naibiwa?

mfinyanzi_bondeni

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua tangu nihame. Mimi ni mfinyanzi, nina tanuri moja kubwa la kuchomea vyungu na lingine dogo la majaribio, kwa hiyo kuni kwangu ni malighafi kabisa kama udongo wenyewe. Nilikotoka ni milimani, misonobari kila upande, viwanda vya mbao viko jirani, kuni nilikuwa nanunua bila hata kufikiria. Sasa nimeshuka huku chini kwenye ukame, na umbali wenyewe lori linatoka asubuhi mchana limefika, lakini pikapu moja naambiwa mara tatu ya nilichokuwa nalipa kule. Mara tatu! Na sio kwamba miti hamna, nikisimama mlangoni msitu nauona. Muuzaji nikamuuliza akanijibu "ndio bei ya huku", basi, akawasha gari. Wengine niliowajaribu kila mtu anapima kivyake, huyu anauza kwa tita, yule anasema fungu halafu anakumwagia lundo chini ukadirie mwenyewe. Anayeijua hii biashara anisaidie, bei za kuni ndivyo zinavyoruka hivi kutoka sehemu hadi sehemu au nimeonekana mgeni? Na mtu akitaka kulinganisha sehemu mbili analinganishaje?

kiti_moto_no1

Umeonekana mgeni mkuu. Swali linalofuata 😂

dereva_mstaafu

Huyo hapo juu msamehe, ila na yeye hajakosea sana. Mi nimebeba magogo na kuni miaka mingi ntakwambia jambo moja, ukinunua kuni hununui mti, unanunua safari. Kuni ni mzigo mzito wenye thamani ndogo, ukilinganisha na kitu kama sabuni au nguo lori hilohilo lingebeba pesa nyingi zaidi, kwa hiyo kila kilomita unayoongeza inakula sehemu kubwa ya bei. Ndio maana kuni huwa haziendi mbali. Mkaa ndio unaenda mbali, kwa sababu kilo moja ya mkaa ina moto karibu mara mbili ya kilo ya kuni kavu, ingawa ukihesabu kuni zilizoungua kwenye tanuru la kienyeji kupata huo mkaa utashika kichwa, kilo mia za kuni mara nyingi hazitoi hata kilo ishirini.

Halafu kitu ambacho watu hawakijui, bei ya kuni inafuata barabara kuliko inavyofuata msitu. Lori likipeleka mzigo sehemu halafu linarudi tupu, dereva atabeba chochote arudishe hela ya mafuta, kwa hiyo kando ya njia ya magari yanayorudi tupu kuni zitakuwa rahisi hata kama miti iko mbali. Ila sehemu ambayo lori inabidi liende tupu kufuata kuni tu, unalipia kwenda na kurudi. Ongeza mvua, njia ya shamba ikiharibika hata huo msitu unaouona mlangoni unakuwa mbali kuliko wa mkoa jirani wenye lami.

Swali kwako mfinyanzi, kati ya huko juu na hapo ulipo magari yanapanda na nini na yanashuka na nini?

mama_mikaratusi

Naomba niongezee hapo kwenye msitu wa mlangoni. Mwanangu, msitu kuonekana sio msitu kuuzwa. Ukiwa ni hifadhi, au chanzo cha maji, au wa ukoo ambao hawajakubaliana, kuni zake sokoni hazipo kisheria, na zile zinazotoka kwa njia ya panya mtu anakuwekea bei ya hatari yake. Mi nina shamba la mikaratusi, tunakata kisiki kinachipua tena, baada ya miaka kadhaa unarudi palepale, hapo ndio kuni za uhakika zinatoka, sehemu zenye mashamba ya kupanda bei haichezi sana.

Cha pili, angalia mnashindana na nani. Mkulima wa tumbaku ya kukaushwa kwa moshi na joto, kiwanda cha chai chenye boila ya kuni, wachoma tofali, wachoma chokaa, hawa wakiwa eneo lako wananunua kwa malori, hawajui matita. Mi mwenyewe mnunuzi mkubwa akija nampa shamba zima kwa mkupuo nilale, wewe wa pikapu unabaki kugombania matawi. Nilipo mimi msimu wa kukausha ukifika bei inapanda ndani ya wiki moja na mti hata mmoja haujapungua.

Na huko milimani ulikokuwa usijidanganye kwamba kuni zilikuwa rahisi. Ulikuwa unanunua takataka za mtu (usikasirike). Kiwanda cha mbao kikishachana gogo kinabaki na mabanzi, yanajaza uwanja, mwenye kiwanda anataka yaondoke. Ile sio bei ya kuni, ni bei ya kufagia.

pasua_gogo

Yote mazuri ila mnamjibu kabla hajajua amenunua kiasi gani. Pikapu sio kipimo! Kuna pikapu imepangwa kipande kwa kipande na kuna pikapu imetupiwa, hewa nusu. Kuni zilizopasuliwa ukizipanga zikatimia mita moja ya ujazo, ukizitupa ovyo zinachukua kama mita moja na nusu. Na hata hizo zilizopangwa vizuri mti wenyewe ni kama asilimia 65 hadi 70, iliyobaki ni nafasi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukuuzia "pikapu" kwa bei moja na mmoja akawa amekupunja theluthi bila kusema uongo hata neno moja.

Hii shida ni ya dunia nzima. Wafaransa tangu 1795 wana kipimo chao kinaitwa stere, mita moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa. Marekani na Kanada wana cord, futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128, kama mita za ujazo 3.6. Na bado wanalizwa, maana kuna wauzaji wanakuonyesha ukuta wa futi 4 kwa 8 unaona kamili, kumbe vipande vina urefu wa inchi 16 tu, hapo umepata theluthi ya cord. Mbele unaona ukuta mzima, nyuma hamna kitu.

We panga, pima urefu, kwenda juu, na urefu wa kipande. Ndio uje na bei.

fundi_boila

Mimi nampinga kidogo pasua_gogo, ujazo peke yake nao haukufikishi, cha kuangalia ni maji. Mti uliokatwa leo nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Chukua tani moja ya kuni mbichi zenye maji asilimia 50, ndani yake kuni halisi ni kilo 500. Ziache zikauke mpaka asilimia 20, mzani utasoma kilo 625, hamna kilichopotea zaidi ya maji. Sasa moto: kilo ya kuni za asilimia 20 inatoa kama megajuli (kipimo cha nguvu ya joto) 14 na kitu, ile ya asilimia 50 inatoa kama 8 tu, maana joto kibao linaishia kuchemsha maji yaliyomo kwenye kuni zenyewe, halafu unalia moshi.

Na hapo ndio mikoa inatofautiana bila watu kujua. Sehemu ya baridi na ukungu muuzaji anakuletea kuni zimekaa miezi sita bado mbichi ndani, sehemu ya jua kali na upepo miezi hiyohiyo zimekauka mpaka zinalia zikigonganishwa. Bei ya kule ni ndogo ila umenunua maji. Miti migumu kama mwaloni hata miaka miwili inataka. Kama una kile kipima unyevu cha sindano mbili usipime nje wala kwenye ncha ilipokatwa, pasua gogo upime ndani kwenye uso mpya. Kama huna, pima uzito wa kipande kimoja kila wiki, siku kikiacha kupungua ujue kimefika.

niko_ughaibuni

Huku niliko nimeona bei ikigeuka kwa sababu za ajabu kabisa. Marekani mwaka 2002 waligundua mdudu wa kijani kutoka Asia anaua miti ya huko inayoitwa ash, walimkuta Michigan. Miti ikafa kwa mamilioni, ungedhani kuni zingekuwa bure nchi nzima, ila huyo mdudu anasafiri ndani ya kuni! Zikawekwa sheria za kutosafirisha kuni kutoka maeneo yenye mdudu (ile ya serikali kuu ilifutwa 2021), kwa hiyo ungeweza kukuta upande mmoja wa mpaka kuni zinaoza na upande wa pili zinatafutwa.

Na Ulaya 2022 gesi ilivyopanda, watu waliokuwa na jiko la kuni kama pambo wakakumbuka linawaka, bei ikaruka. Hungary ikafikia kuzuia kuni zisitoke nje ya nchi. Kwa hiyo mfinyanzi angalia na bei ya gesi na mafuta ya taa hapo ulipo, kuni hazipandi peke yake.

mfinyanzi_bondeni

Nimerudi wakuu, na asanteni sana aisee, sikutegemea. Nimefanya homework yangu. Bahati nzuri nilihama na msonobari kidogo wa kule. Nimegonga boksi la mbao nusu mita kila upande, nikapanga msonobari mpaka juu nikapima, kilo 44. Nikapanga kuni za huku, ni mgunga, kilo 68! Fundi_boila nilivyokusikia nikaazima kipima unyevu, msonobari asilimia 18, mgunga 24. Nikitoa maji ni kilo 36 kwa 52 hivi. Kwa hiyo ile mara tatu yangu ukiihesabia kuni kavu inashuka inakuwa mara mbili na kidogo. Bado inauma ila naona sikuibiwa kama nilivyodhani. Na pikapu ya mwisho niliwasimamia wapange, zikapungua vipande mpaka muuzaji akaenda kuongeza mwenyewe kwa aibu.

Ila sasa limetokea lingine. Huu mgunga kwenye tanuri unanitesa, unajaza makaa chini, hewa haipiti, joto linagoma kupanda mwishoni pale ninapotaka ndimi ndefu za moto. Yani nina moto mwingi kwa kilo na vyungu haviivi.

fundi_boila

Hapo kilo hazikusaidii kweli. Mti mgumu unakaa makaa, mti laini uliochanwa mwembamba unatoa mwali mrefu. Mgunga tumia mwanzoni unapopasha taratibu, masaa ya mwisho malizia na vipande vyembamba vya msonobari, na uwe unayakwangua makaa chini hewa ipite. Hutahitaji msonobari mwingi hivyo, labda sehemu ya tatu.

mfinyanzi_bondeni

Dereva_mstaafu sikukujibu mzee wangu samahani. Kutoka huku magari yanapanda na saruji karibu kila siku. Kushuka naona mengine yana mbao, mengi tu yanashuka matupu.

dereva_mstaafu

Nilijua! Sasa acha kubishana na wauza kuni wa hapo, nenda yanapopakia saruji ukaongee na madereva. Yale mabanzi ya mama hapo juu anayosema yanafagiliwa, lipia huko kiwandani, chukua risiti yake na kibali cha kusafirishia kama huko kwenu vinatakiwa, usimwachie dereva akutane na kizuizi mikono mitupu. Sema yafungwe kwa waya matita ya urefu mmoja, yasimwagwe, ili ukipokea uhesabu tu. Na usingoje masika ndio uanze kutafuta, hapo hata mimi nisingekubebea.

kiti_moto_no1

Akishusha mabanzi mi nachukua tita mbili. Bei ya mwenyeji tafadhali 😂