Waeburone na Caesar: je, yalikuwa mauaji ya kimbari?

Mwanakale: Mwaka 53 KK Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, aliamua kuwafuta Waeburone, kabila la Wabelgiji lililokaa kati ya mito Meuse na Rhine. Chanzo kinajulikana: majira ya baridi yaliyotangulia, Ambiorix, mfalme wao, aliwaahidi Warumi njia salama, wakatoka kambini, wakavamiwa bondeni. Vikosi 15, yaani legioni (kitengo kikuu cha jeshi la Kirumi) moja na nusu, vikateketea pamoja na makamanda wao Sabinus na Cotta. Caesar mwenyewe kaandika kwamba alitaka kizazi chao na jina lao viondoke. Vijiji vikachomwa, mifugo ikaswagwa, nafaka ikaliwa na jeshi na farasi, iliyosalia ikalazwa na mvua, ili hata aliyejificha afe njaa. Tuyaite mauaji ya kimbari au la? Mimi nasema tuyaite.

Jabali: Wabelgiji? Mkuu, hapo umeteleza. Wabelgiji ni raia wa nchi iliyojitangazia uhuru 1830. Watu wa Caesar ni Wabelgae, mkusanyiko wa makabila ya kaskazini ya mito Marne na Seine. Waremi wa Reims na Wabellovaci wa Beauvais leo wako Ufaransa.

Mwasiti: Kaka Jabali, watu wamechomewa nyumba wewe unashika herufi? Jina ni lile lile, limefufuliwa tu. Ambiorix ana sanamu Tongeren, mji wa Ubelgiji, tangu 1866. Nani humjengea mgeni sanamu?

Jabali: Kilichofufuliwa kilikuwa kimekufa, dada. Na herufi ina uzito: kwa msomaji wa Bukavu au Lubumbashi, Mbelgiji ni yule aliyeitawala Kongo. Mwambie Wabelgiji walifanyiwa mauaji ya kimbari uone atakavyokutazama.

Mwanakale: Sawa, Wabelgae. Sasa jibuni swali.

Mhesabu: Nyote mmeyapokea maneno ya Caesar kama msahafu. Mwaka 57 KK anasema Wanervii, kabila jingine la Wabelgae, wapiganaji 60,000 walibaki 500, na wazee wa baraza 600 wakabaki 3, kwa sababu walikurupuka mtoni Sabis. Miaka mitatu baadaye hao hao wanaizingira kambi ya Quintus Cicero, kamanda wa Caesar. Mwaka 52 KK wanapangiwa kutoa askari 5,000 kwenda kuiokoa Alesia, ngome ya Wagalli (wenyeji wa Ufaransa ya kale) iliyozingirwa na Caesar. Wametoka wapi? Mtu akijisifu Roma kwamba amefuta kabila, mimi nahesabu upya.

Mwasiti: Walikurupuka? Futa neno hilo. Wanervii walikuwa wamepewa habari kwamba kila legioni hufuatwa na mizigo yake. Mpango ukawa kuipiga ya kwanza mara mizigo itakapoonekana, kabla nyingine hazijafika. Ardhi nayo ilikuwa imeandaliwa: miti michanga imekatwa nusu na kupindwa, matawi yamesukwa na miiba, ua ambao farasi hapiti wala jicho halioni ng'ambo. Kilichowaharibia ni Caesar kubadili mpangilio alipokaribia: legioni 6 mbele bila mizigo, mizigo yote nyuma yao, legioni 2 mpya zikilinda mkia. Ishara ilipotokea, waliokuwa wakijenga kambi walikuwa legioni 6, si moja. Hata hivyo Warumi hawakupata nafasi ya kuvaa kofia za vita wala kutoa ngao kwenye mifuko yake. Caesar alimpokonya ngao askari wa nyuma akaingia mstari wa mbele mwenyewe, na mambo yakageuka pale Labienus, naibu wa Caesar, alipoirudisha legioni ya 10. Hao ndio waliokurupuka?

Jabali: Maelezo mazuri, ila msiandike Sabis ni mto Sambre wa leo kama jambo lililokwisha. Wapo wanaouweka uwanja ule kwenye mto Selle.

Mhesabu: Neno nalifuta. Hesabu siifuti.

Mwanakale: Hakuna aliyeandika Sambre! Na hesabu ya Wanervii haigusi nia ya Caesar kwa Waeburone. Aliyaita makabila jirani yaje kupora, ili misituni wafe Wagalli badala ya askari wake. Likamrudia mwenyewe: wapanda farasi 2,000 wa Wasugambri, kabila la Kijerumani, walivuka Rhine, mateka mmoja akawaambia kwamba mali ya jeshi zima la Kirumi iko kambini Aduatuca, mwendo wa saa tatu, wakageuka wakaivamia kambi. Mtu anayetangaza uporaji wa kabila zima hadi ng'ambo ya mto, nia yake unaitafuta wapi tena?

Mhesabu: Nia naikubali. Matokeo je? Ambiorix hakukamatwa kamwe. Baadaye eneo lile linaitwa la Watungri, kabila lenye jina jingine.

Jabali: Ndiko lilikotoka jina Tongeren. Kwa hiyo dada Mwasiti, sanamu yako imesimama kwenye mji wenye jina la waliochukua nafasi ya Waeburone.

Mwasiti: Waliochukua nafasi yao, au ni wao wenyewe waliopewa jina jipya? Jibu hilo kwanza, kaka.