Wachezaji wakivuruga kisa, gemu masta ana haki ya kupindisha matokeo?

Mleta mada
Wakuu, nina dukuduku. Tunacheza Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ambayo kila mmoja ana mhusika wake na masta anaendesha kilichobaki: walinzi, mazimwi, hali ya hewa, hadi mwenye mgahawa. Juzi adui mkuu alisimama juu ya ukuta wa bandari akitoa hotuba. Mwenzetu hakumngoja amalize, akatangaza anampiga mshale. Dadu ya pande 20 ikatua 20, wote tukiiona. Kwa kanuni, hiyo haikosi. Masta akanyamaza, akachungulia karatasi zake nyuma ya kile kikingio cha kadibodi, kisha akasema adui ana ngao ya kichawi isiyoonekana. Ngao gani tena? Jamaa akamaliza hotuba yake, akapanda jahazi, akaondoka zake.

Kwangu huo ni wizi. Kama mwisho ulishaandikwa, dadu za nini? Si atusomee tu.

Kitunguu Maji
Taratibu, mkuu. Mimi ni masta. Ramani ya bandari peke yake inakula jioni nzima, bado majina, bado siri za kila mtu. Halafu mchezaji mmoja anaamua tuachane na adui, tufungue duka la samaki. Duka la samaki! Na wenzake wanashangilia. Masta naye amekuja kufurahi.

Bi Ramani
Michezo hii yenyewe ilizaliwa kwa vurugu za wachezaji. Mwaka 1969 huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita wa enzi za Napoleon katika mji wa kubuni, Braunstein. Badala ya kuwapa watu majeshi tu, akawapa vyeo: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Wakaanza kupanga njama zao wenyewe, na wawili wakataka kupigana ana kwa ana. Wesely hakuwa na kanuni ya pambano la namna hiyo, ikabidi aitunge palepale. Usiku ukaisha akiamini mchezo wake umeharibika. Wachezaji wakamwomba aandae mwingine. Mmoja wa kundi lile alikuwa Dave Arneson, ambaye mwaka 1974 yeye na Gary Gygax walitoa hiyo Dungeons & Dragons mnayogombania.

Popo wa Usiku
Historia nzuri, dada, ila usiwatakase wachezaji wote. Kwetu kuna mmoja anawaibia wenzake usiku wamelala, ukimuuliza anajibu "mhusika wangu ndivyo alivyo". Huko ni kuteka meza. Mshale wa mleta mada ni kitu kingine, meza nzima iliutaka.

Bi Ramani
Hilo sikatai. Lakini kwa mshale dawa ipo: usiandae njia, andaa watu na wanachokitaka. Adui amekufa? Sawa. Nani alikuwa anamdai? Nani sasa anakitaka kiti chake? Na nahodha wa lile jahazi, ambaye hajalipwa nauli, atafanya nini? Kisa kinaendelea, tena bila ngao ya kubumba.

Mleta mada
Umemaliza. Kubuni hapohapo sina tatizo nako, hata Wesely alibuni. Kinachoniuma ni kubuni ili kufuta tulichokifanya, halafu kujifanya kilikuwepo tangu mwanzo. Angesema tu, "jamani sijajiandaa, tupumzike kidogo nifikirie", tungemchemshia chai.

Kitunguu Maji
Basi nijibu hili. Mimi dadu zangu nazirusha nyuma ya kikingio, na mara nyingi zimetaka kuwaua wahusika wa watu kwa pigo la kijinga mlangoni tu. Nikasema "limekukosa". Hakuna aliyewahi kulalamika. Una uhakika gani mhusika wako bado anapumua kihalali?

Mleta mada
Nitamuuliza masta wetu. Na kama alinibeba, mhusika wangu namzika leo leo, naanza mwingine.

Popo wa Usiku
Muulize kabla mhusika wako hajapanda daraja la nguvu, siyo baada 😂