Natafuta hedifoni isiyozidi elfu 60 inayotoa gitaa la ridhimu

FundiTandika:
Wakubwa shikamooni, wa rika langu salama? Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Tandika, umri miaka 47. Nashinda kwenye cherehani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na kinachonisogeza ni muziki wa dansi wa zamani. Bongo fleva sina ugomvi nayo ila hainiingii.

Marehemu baba yangu mdogo alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya shirika moja la umma, enzi zile za mashirika kumiliki bendi. Kaseti yake moja ilibaki nyumbani. Mwaka jana nikampelekea kijana mmoja akanirushia kwenye memori kadi. Shida yangu ni hii: simsikii.

Mwezi wa tatu nilinunua hedifoni Kariakoo kwa elfu 45, zile kubwa za kufunika masikio, zimeandikwa besi ubavuni kwa herufi za kung'aa. Besi kweli ipo, mpaka taya linatetemeka. Solo nalisikia linalia kwa mbali, waimbaji kama wamefunikwa blanketi, na ridhimu ndiyo imemezwa kabisa. Lakini kaseti yenyewe nikiiweka kwenye redio ya mama, ile ya spika moja, ridhimu lile pale: chaka-cha, chaka-cha, toka mwanzo mpaka wanaponyamaza. Nimejiuliza, redio ya miaka ya 80 inaishindaje hedifoni mpya?

Mengine ya kujua: cherehani yangu ina kelele na jirani ana mashine ya kudarizi. Halafu kuna wateja. Mteja akipiga hodi mara mbili hajaitikiwa, anavuka barabara kwa fundi mwingine. Bajeti elfu 60. Ya waya au isiyo na waya, yote sawa.

MitamboMstaafu:
Fundi, redio ya mama yako inashinda kwa sababu haina besi. Sikutanii. Nimekaa nyuma ya mikisa ya bendi, ile meza ya kuchanganya sauti, miaka 11, Dar na mikoani. Waya mnene wa gitaa la besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo huko haifiki, kwa hiyo inakupa ya katikati tu: waimbaji, magitaa, tarumbeta. Hedifoni yako wameitengeneza kinyume. Chini wamepandisha, juu wamepandisha ili matoazi yang'ae, katikati wameacha bonde. Baba yako mdogo anaishi bondeni humo. Na sauti nzito ikizidi huifunika nyepesi iliyo juu yake hata kama ipo kwenye rekodi, sikio ndivyo lilivyoumbwa.

Kuna jingine ambalo muuzaji hatakwambia. Rekodi za redio za miaka ile nyingi ni mono. Vyombo vyote vimesimama foleni moja katikati ya kichwa, hakuna wa kushoto wala wa kulia. Kwa hiyo ukiambiwa hii sauti yake inazunguka kichwa, usiongeze hata mia. Na yale maandishi ya 20 mpaka 20,000 kwenye boksi, yaani mitetemo kwa sekunde inayoweza kutoa, yapuuze, hata za elfu 5 wameziandika hivyohivyo.

Kabla hujatoa hela, fungua ekwalaiza ya simu, pale pa kupandisha na kushusha sauti nzito na nyepesi. Nyingi zina vijiti vitano, kutoka nzito mpaka nyepesi: 60, 230, 910, 3.6k na 14k. Shusha cha 60 na cha 230. Cha 910 kiache palepale. Cha 3.6k pandisha kidogo sana. Cha 14k shusha, huko kwenye kaseti huna chako zaidi ya ule mlio wa tepu, shhhh. Anza kwa kushusha, kupandisha kuwe kwa mwisho, maana ukipandisha ovyo sauti inakwaruza. Fanya usiku wa leo, cherehani imezimwa, uje useme.

FundiTandika:
Mkuu, nimefanya. Nilikaa kitandani mpaka saa sita. Sasa namsikia kama mtu aliye chumba cha pili na mlango uko wazi nusu. Asante sana. Ila asubuhi nikiwasha cherehani anapotea tena, naongeza sauti mpaka mwisho. Usiku masikio yanavuma.

BiMkubwaMombasa:
Kaka fundi, masikio kuvuma usilichukulie mzaha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na wewe kwa hesabu yako wavuka 70, tena sauti iko mwisho. Hukosi besi wala ridhimu, wakosa kinga ya kelele.

Mimi wangu ni taarab, fidla, udi na ganuni, nikipika. Hedifoni kubwa nilizijaribu: joto la Mombasa, na juu yake mtandio! Mito yake ilibanduka ngozi kwa jasho. Sasa navaa iafoni za kuingia ndani ya sikio, za waya, zapita chini ya mtandio hata mgeni hajui. Kelele za feni na pilkapilka za jikoni zakatika nusu, na sauti ya simu naiweka chini.

Siri iko kwenye vile vipira vya mpira. Huja saizi tatu na watu huvaa ile iliyokuja imevalishwa, wasihangaike. Kikiwa kidogo, hewa yapita, besi yote hukimbia na wabaki na mlio wa bati. Sikio langu la kulia lataka cha kati, la kushoto cha kubwa. Vaa, kisha sugua vidole kando ya sikio. Ukivisikia waziwazi, badilisha.

Kwa aina, angalia za Kichina za waya. KZ nyingi zina lile bonde alilosema mstaafu. Moondrop Chu imelingana zaidi, fidla na sauti za waimbaji husimama mbele, ila ile toleo la kwanza waya wake haung'oki, ukikatika ndio basi.

Chapchap_Manzese:
Wazee mnajua kuteseka 😂 Singeli inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, mimi bila besi naonaje siku? Ila mzee mstaafu nakubali kitu kimoja, zile zenye besi ya kuvimba hata kwetu hazifai. Pigo moja halijaisha la pili limefika, inakuwa ugali. Nataka besi inayopiga na kutoka. Fundi, chukua za bluetooth tu, waya utaushona pamoja na suruali ya mtu.

MitamboMstaafu:
Chapchap, hilo la waya umesema kweli. Apitishe mgongoni, ndani ya shati, utokee kwenye kola. Bluetooth kwa bei yake zipo na zinatosha kwa kaseti, ila hela inagawanyika: betri, kisanduku cha chaji, maikrofoni. Kwenye waya elfu 40 yote inakwenda kwenye sauti.

Zipo za kubandika sikioni zilizo wazi kama Koss KSC75, kwa wenzetu Marekani huuzwa kama dola 20, na magitaa yake nayapenda mno. Kwa chumbani ningekwambia hizo. Kwako hapana. Ziko wazi, utamsikia mteja, lakini cherehani nayo utaisikia yote.

Mfuate Bi Mkubwa. Na kuhusu wateja, fikiria: si nimesema rekodi ni mono? Basi vaa sikio moja. Hupotezi chombo hata kimoja, kushoto na kulia ni kitu kilekile. Sikio la upande wa mashine ya kudarizi liweke iafoni, la upande wa mlango liache wazi. Kwa nyimbo za baadaye zilizorekodiwa stereo, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono, vyote vitakuja upande mmoja. Ila usilipe hilo sikio moja mzigo wa masikio mawili, sauti iwe ya wastani.

SimuDaktariMwanza:
Nadokeza tu, simu yako ina tundu la iafoni? Kama haina utahitaji kile kiunganishi cha Type-C. Viko vya aina mbili. Vingine ni waya mtupu, vinategemea simu yenyewe itoe sauti, na simu nyingi hazitoi. Vingine vina chipu ndani, ndivyo vya kununua. Kwa macho vinafanana. Nenda na simu yako na iafoni, chomeka palepale dukani usikie. Kila wiki napata mteja analia iafoni mbovu kumbe ni kiunganishi.

FundiTandika:
Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilifunga kibanda saa nane, nikaenda mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na memori kadi yangu. Duka la kwanza kijana akataka kunijaribishia kwa wimbo wake, nikakataa, akacheka. Nikaweka wimbo wa kaseti yangu. Nilijaribu tatu. Ya kwanza ilitoa ile shhhh ya tepu kama mvua kwenye bati. Ya pili ilikuwa kama ile ya zamani, bonde tupu. Ya tatu nikafumba macho. Mlango wa chumba cha pili ulifunguka wote. Nasikia mpaka kidole kikiteleza kwenye waya akibadilisha kodi ya gitaa, na kabla wimbo haujaanza kuna mtu anakohoa. Elfu 38, ya waya, Kichina, jina lake herufi na namba siwezi kulikumbuka. Kiunganishi chenye chipu elfu 12. Kipira cha kushoto nimeweka kidogo, Bi Mkubwa ahsante.

Navaa sikio moja. Tangu Jumatatu hakuna mteja aliyevuka barabara. Chapchap, waya sijaushona, ila jana nilikata mkono wa shati la mtu kwa kufuata mapigo, umekuwa mfupi inchi nzima. Kitambaa nimelipa mimi.

Jumapili nikaenda kwa mama mdogo, mjane wake, yupo Mbagala. Nikampa iafoni. Akasikiliza wimbo wote ametulia, mkono umepumzika kwenye paja, kidole kimoja kinapiga. Ukaisha. Akavua, akanirudishia, akasema, "Huyo siye. Mwezi ule baba yako alikuwa amelazwa, aliyepiga hapo ni kijana wa Tanga. Yeye yuko upande wa pili wa kaseti."

Kijana aliyenirushia alirusha upande mmoja tu. Kesho namfuata.