Mjadala: Je, Soft Cell walistahili fungu la utunzi kwenye "Tainted Love"?

SanturiNyeusi (mleta mada)

Wakuu, naweka mezani mzozo usiokwisha kwenye muziki. Mtu anachukua wimbo wa mwenzake uliokwisha kusahaulika, anaupanga upya, dunia nzima inaujua kwa sura yake yeye. Apewe fungu kwenye utunzi, au abaki na malipo ya rekodi tu?

Kesi yangu ni Soft Cell, kundi la wawili la Uingereza: mwimbaji Marc Almond na mpiga vinanda Dave Ball, waliokutana chuoni Leeds mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1981 walitoa "Tainted Love". Mtunzi ni Mmarekani, Ed Cobb. Gloria Jones aliurekodi kabla yao, ukatoka 1965 ukiwa upande B (upande wa nyuma wa sahani), ukapita kimya. Ulikuja kufufuka miaka ya 1970 kwenye kumbi za dansi za kaskazini mwa Uingereza, kule walikokusanya santuri za soul zilizokufa kwao Marekani. Soft Cell wakapunguza mwendo, wakaushusha kutoka ufunguo wa C hadi G ukae vizuri kwenye koo la Almond, wakatoa tarumbeta na gitaa, wakaweka sinthesaiza. Ukashika namba 1 Uingereza na kuuza nakala zaidi ya milioni 1 huko peke yake. Marekani ulikaa kwenye chati ya Hot 100 wiki 43.

Mrabaha wa utunzi (malipo ya mtunzi wimbo unapouzwa au kupigwa) kwa Almond na Ball: sifuri. Upande B wa toleo la Uingereza, "Where Did Our Love Go", ulikuwa wa Supremes, watunzi wake ni Holland, Dozier na Holland. Sifuri ya pili.

Mimi nasema sheria iliwaonea. Karibuni.

MkatabaKwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umemshitaki asiyehusika. Kilichowaponza ni upande B, na huo waliuchagua wenyewe.

Tupige hesabu. Enzi zile sheria ya Uingereza iliweka mrabaha wa utunzi kwa sahani kuwa asilimia 6.25 ya bei ya rejareja, na fungu hilo liligawanywa kwa nyimbo zilizomo. Sahani ndogo ina nyimbo mbili, basi kila upande nusu. Haijalishi mnunuzi kafuata upande gani. Chukua bei ya paundi 1, kwa mfano tu: peni 6.25 kwa nakala, peni 3.125 kila upande. Nakala milioni 1 ni paundi 31,250 kwa mtunzi wa upande A, na 31,250 nyingine kwa mtunzi wa upande B, kabla mchapishaji (msimamizi wa haki za utunzi) hajakata chake. Yaani wimbo wowote wa Almond na Ball, hata wa kujaziajazia, ungepanda mgongoni mwa Cobb na kuwaletea kwenye sahani pesa ile ile aliyopata yeye. Wao wakaweka huo wa Supremes, wa lebo ya Motown ya Marekani. Ile sahani ya inchi 12 ndiyo kabisa: upande A wake unaunganisha nyimbo zote mbili kwa karibu dakika 9, na hapo utunzi wao haumo hata sekunde moja.

Watazame Pet Shop Boys, wawili wengine wa Uingereza, Neil Tennant na Chris Lowe. Krismasi ya 1987 walikuwa namba 1 na "Always on My Mind", wimbo wa Kimarekani uliokwisha kuimbwa na Elvis. Upande B ni "Do I Have To?", utunzi wa Tennant na Lowe. Mwaka 1993 wakarudia "Go West" ya Village People, nyuma yake "Shameless", yao wenyewe. Tennant alifanya kazi kwenye jarida la Smash Hits kabla ya kuwa nyota. Huenda alikwisha kuona wenzake wakilia.

Bi Mrabaha

Kaka Mkataba, hesabu yako haina kasoro kwa sahani za dukani. Lakini sahani ni mlango mmoja. Redio je? Redio haipigi upande B.

Hapo ndipo maumivu yalipo. Marekani, redio za kawaida za AM na FM hazimlipi mwimbaji wala mwenye rekodi hata senti moja, mpaka leo. Zinamlipa mtunzi na mchapishaji wake, basi. Wimbo ulipopigwa asubuhi, mchana na usiku kwa wiki 43 za chati, kengele ya fedha ililia kwa Cobb. Wenye sauti inayosikika walipata umaarufu.

Uingereza ni tofauti kidogo. Kuna chombo kinachokusanya malipo ya matangazo kwa upande wa rekodi, PPL: nusu kwa mwenye rekodi, nusu kwa waliopiga na kuimba. Haki hiyo ya mwimbaji kulipwa rekodi yake inapotangazwa iliingia kwenye sheria mwaka 1996, miaka 15 baada ya wimbo kutoka.

Na kwa wanaosikiliza mtandaoni: ripoti ya kamati ya bunge la Uingereza ya 2021 ilionyesha mgawo wa takriban asilimia 30 hadi 34 kwa jukwaa, 50 hadi 55 kwa rekodi, 10 hadi 15 kwa utunzi. Kwa hiyo leo aliyerudia wimbo amekaa upande wa chungu kikubwa. Anachochota ni shauri la mkataba wake na lebo, na kama deni la malipo ya awali limekwisha kulipwa. Ujanja wa upande B umekufa. Kila wimbo unalipwa kwa kusikilizwa kwake.

Kinanda_88

Nyote mnaongea pesa, hamjaongea muziki. Tusikilize rekodi zenyewe kabla ya kugawa mali ya watu.

Ya Gloria Jones inakwenda mbio, bendi nzima iko kazini. Ya Soft Cell imeachwa tupu: besi ya sinthesaiza inarudia mkufu ule ule, na sauti zile kali, fupi, za bati. Mtayarishaji Mike Thorne alikuwa na Synclavier, mashine ya bei ya kutisha wakati huo. Sauti ya Almond iliyobaki kwenye sahani ni ile aliyoimba mara ya kwanza. Huo ubaridi wa mashine na joto la mwimbaji ndio ulionunuliwa.

Sasa ile alama maarufu, mipigo miwili "pi-pi" baada ya mstari wa kwanza. Wengi wanaapa ni ubunifu wa Ball. Rudi kwenye sahani ya 1965, sikiliza pale pale: mipigo miwili ipo, imepigwa na bendi. Ball amebadilisha rangi, mifupa kaikuta. Melodi ni ile ile, na maneno ni yale yale. Ukinilazimisha nimpe fungu la utunzi, nampa kwa nota zipi?

Lakini msinifunge mdomo na hilo, kwa sababu kuna 2006. Rihanna katoa "SOS", namba 1 Marekani, imejengwa juu ya kipande kilichonyofolewa kwenye rekodi ya Soft Cell. Hawakunyofoa ya Gloria Jones. Orodha ya watunzi inamtaja Ed Cobb, Ball hayumo. Wanaofuata rangi wanamlipa mwenye mifupa.

SanturiNyeusi

Umeniharibia kesi halafu ukanirudishia, Kinanda. Ahsante nusu.

Nakumbusha "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum, 1967. Mpiga kinanda Matthew Fisher hakuandikwa kuwa mtunzi. Akafungua madai 2005, Mahakama Kuu ikampa asilimia 40 ya muziki mwaka 2006, rufaa ikamnyima malipo 2008, House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, wakamrudishia Julai 2009. Miaka 42 baadaye! Kama mpiga kinanda anaweza kuwa mtunzi kwa sababu ya kinanda chake, kwa nini Ball asiweze?

MkatabaKwanza

Kwa sababu Fisher alikuwemo kwenye bendi wimbo ulipokuwa ukipangwa kwa rekodi yake ya kwanza. Alileta melodi mpya, ile ya kinanda inayofungua wimbo, ikawa sehemu ya utunzi wa kwanza kurekodiwa. Ball alikuta mtoto amekwisha kuzaliwa, kapewa jina, ana umri wa miaka 16.

Na hata wa ndani ya bendi hawashindi wote. Mwaka 1999 watatu wa bendi ya Spandau Ballet, akiwemo mwimbaji Tony Hadley, walimshitaki mwenzao aliyetunga nyimbo, Gary Kemp, wakidai sehemu ya mapato ya utunzi. Wakashindwa. Jaji aliona kuupiga wimbo wa mtu, hata ukiupiga kwa ustadi wako mwenyewe, hakukufanyi mtunzi.

Kwa wimbo wa kurudia ni kugumu zaidi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, kifungu cha 115, inakuruhusu kurekodi wimbo uliokwisha kutoka bila kumbembeleza mtunzi, alimradi unalipa. Unaruhusiwa kuupanga ufuate mtindo wako. Masharti mawili: usibadili melodi ya msingi wala tabia ya wimbo, na huo mpangilio wako hauna ulinzi wa peke yake mpaka mwenye wimbo akubali waziwazi. Uingereza, kupanga upya muziki wa mtu ni kitendo kinachohitaji ruhusa yake. Mlango upo, ila ufunguo anao mchapishaji.

Pwani_Sauti

Haya si mageni kwetu. "Malaika" imeimbwa na Miriam Makeba, imeimbwa na Boney M, na mpaka leo watu wanavutana kama ni ya Fadhili William au Adam Salim.

MkatabaKwanza

Ndugu, huo ni mvutano wa nani alitunga. Kwa "Tainted Love" hilo halibishaniwi. Soft Cell wenyewe hawajasema wimbo ni wao. Tusichanganye mafaili.

Bi Mrabaha

Naongeza la vitendo, maana humu wamo vijana wanaorudia nyimbo za zamani.

Fungu la mpangaji huombwa kabla ya kutoa wimbo. Siku hiyo mchapishaji ana wimbo uliolala usioingiza kitu, na wewe una toleo jipya mkononi. Hapo kuna cha kuzungumza. Peleka rekodi ya majaribio, taja kwa maandishi ulichoongeza ambacho hakikuwepo (beti jipya, utangulizi wenye melodi yake, daraja), taja asilimia, upate jibu lililosainiwa, halafu jina lako liandikishwe kwenye chama cha mirabaha ukiwa mpangaji. Ukisubiri wimbo uingie chati, jibu ni hapana, na utakuwa umemkumbusha wimbo wake una thamani. Wengi wanakwama hapo. Wengine wanakwama kwa kudhani leseni moja inatosha: kurudia wimbo kunahitaji ruhusa ya utunzi tu, kunyofoa kipande cha rekodi kunahitaji mbili, ya utunzi na ya mwenye rekodi. Marilyn Manson aliporudia "Tainted Love" mwaka 2001, kwa mwendo ulio karibu na wa Soft Cell kuliko wa Gloria Jones, alihitaji moja tu. Soft Cell hawakuwa na cha kudai. Kwa Rihanna mwenye rekodi yao ilibidi aombwe.

Halafu mleta mada, kuna kitu hukukileta. Almond na Ball walitunga "Say Hello, Wave Goodbye", ikafika namba 3 Uingereza mwaka 1982. David Gray akairudia kwenye albamu yake White Ladder ya 1998, kwa gitaa na sauti ya kukwaruza, ikawa ndefu karibu dakika 9. Albamu hiyo ni kati ya zilizouzwa sana Uingereza. Kwa kanuni unayoilaani, mrabaha wa utunzi ulikwenda kwa Almond na Ball. Kwa kanuni unayoitaka, wangemmegea Gray.

SanturiNyeusi

Hiyo ya David Gray imenipata pabaya, nakiri. Narekebisha dai: utunzi ubaki kwa Cobb mzima mzima. Lakini kipande cha rekodi kinaponyofolewa kikazaa wimbo mpya, kama 2006, aliyeipanga rekodi ile aandikwe pembeni ya mtunzi na apate kitu hata kama ni asilimia 5. Na redio za Marekani ziwalipe waimbaji. Hili la pili silirudishi nyuma.

Bi Mrabaha

La pili tuko pamoja. La kwanza bado.

Kinanda_88

Asilimia 5 apewe nani? Ball aliyeshika vinanda, Almond aliyechagua namna ya kuimba, au Thorne aliyekuwa na mashine? Na ukishamaliza hapo, nakurudisha 1965: mpangaji wa mipigo miwili na tarumbeta za Gloria Jones yuko kwenye foleni hiyo hiyo, mbele ya Ball. Gloria mwenyewe hana fungu la utunzi hata nukta.

MkatabaKwanza

Foleni ina tarehe pia. Rekodi ya 1981 Uingereza inalindwa miaka 70 tangu itoke, baada ya sheria kubadilishwa 2013 kutoka miaka 50. Inaisha mwisho wa 2051. Utunzi wa Cobb kwao Marekani una miaka 95, mpaka karibu na 2060, na Uingereza haiupi wimbo wa kigeni muda mrefu kuliko ule wa nchi ulikotoka. Kwa hiyo Januari 2052 mtu yeyote kule atanyofoa ile "pi-pi" ya Ball bila kumlipa mwenye rekodi, na bado atamwandikia hundi mwenye haki za Cobb.