Nichukue bledi gani kwa barabara ya changarawe ya shambani? Nina MF 290

parachichi_kusini
Habari za jioni wakuu. Nina shamba la parachichi huku Njombe, kutoka barabara kubwa mpaka kwenye banda la kupangia matunda ni kama mita 700, njia ya moramu, upana mita tatu na nusu hivi na katikati kuna mlima mmoja wa kueleweka. Mvua zikikolea maji yanashuka katikati ya njia yanachimba mifereji, huku tambarare ni mashimo na yale mawimbi mawimbi yanayotikisa gari, na parachichi mnalijua halitaki kugongwagongwa, likichubuka njiani doa linakuja kuonekana mbele ya mnunuzi. Mwaka jana nilikodi greda, dereva akapita mwezi wa tisa kavu kavu vumbi tupu, moramu yote akaisukumia kwenye majani, mvua za Novemba zilipoanza nikabaki na udongo mwekundu gari zinateleza. Iliniuma sana maana ile moramu nilinunua lori kwa lori.

Sasa nataka kifaa changu cha kufunga nyuma ya trekta, ninayo Massey Ferguson 290. Nimeona bledi ya kawaida, lile bamba la chuma la kukwangua na kusukuma udongo, ile unayoigeuza ikae mshazari, nimeona ya boksi yenye meno mbele, na jirani ananiambia nisijisumbue nipitishe haro tu, ile ya visahani ya kuvunjia mabonge ya shamba, halafu niburute gogo. Hela ipo ya kimoja. Nyie mngechukua kipi?

fundi_vyuma
Mkuu chukua boksi. Sababu ni hayo mashimo. Watu wengi wanajaza shimo kifusi wanakanyagia na tairi wanaondoka, wiki mbili shimo limerudi palepale, kwa sababu kile kifusi kipya hakijashikana na ile sakafu ngumu ya chini. Shimo likiwa na kina cha sentimita 7 lazima uchimbue njia nzima mpaka hizo 7 halafu uisambaze upya, hapo ndo linakufa. Mawimbi hivyo hivyo. Meno ya boksi yanafanya kazi hiyo na boksi lenyewe linabeba moramu linaenda kuiacha penye upungufu, haikimbilii kwenye majani kama ilivyokukuta.

Kuitumia ni kucheza na ule mkono wa juu wa kati unaounganisha boksi na trekta. Ukiufupisha boksi linainamia mbele meno yanakula, ukiurefusha linalalia nyuma linalainisha. Siku za kwanza utatengeneza matuta usikate tamaa, nenda gia ndogo na usikimbilie kushusha kwa pupa.

Haro achana nayo, itafukua mawe makubwa na kuchanganya moramu yako na udongo wa chini, hapo umeharibu kabisa.

mkaa_Nanyuki
Mimi niko Nanyuki na hapo kwa haro naunga mkono, lakini kwa boksi tuongee kidogo. Soma tena vile ameandika, maji yanapita KATIKATI ya barabara. Shida yake ya kwanza ni maji, mashimo ni watoto wa hayo maji. Barabara ya maramu lazima iwe na mgongo, ya upana wa mita tatu unusu katikati iwe juu kuliko ukingo kama sentimita 8 hadi 10, ndio tone likianguka linatoka kando badala ya kutembea na barabara yote. Bledi ya mshazari inavuta maramu kutoka kando inaileta katikati, unapita upande huu ukienda na ule mwingine ukirudi, na hiyo hiyo inakufungulia mtaro. Ile yako iliyosukumwa kwa majani bado iko hapo, boksi haiwezi kuifikia vizuri lakini bledi ya mshazari itairudisha. Kwangu nimetumia hiyo miaka na miaka, na kwa mlima nimechimba mitaro ya kutoa maji shambani kila baada ya hatua kadhaa.

fundi_vyuma
Mkuu wa Nanyuki hoja ya maji nakubali asilimia zote, ila mgongo hata boksi linatengeneza. Kwenye 290 ule mkono wa kulia wa kunyanyulia una mpini wa kuzungusha, unaushusha upande mmoja boksi linakaa kiubavu, unapita kila upande mara kadhaa mgongo unapanda. Ile moramu ya kwenye majani vijana wawili na majembe wanairudisha njiani. Bledi ya mshazari bila meno kwenye ardhi iliyoshindiliwa itaparaza juu tu.

parachichi_kusini
Nawashukuru sana, huo mgongo hakuna aliyewahi kuniambia, mimi nilikuwa nadhani barabara nzuri ni ile iliyonyooka kama meza. Naegemea boksi na mitaro nitachimba kwa mkono. Je upana gani, na nipite lini?

mkaa_Nanyuki
Sawa, boksi na mitaro itakusaidia pia. Upana pima matairi ya nyuma kutoka nje hadi nje, kifaa kizidi hapo angalau sentimita 10, la sivyo utakuwa unaacha alama za tairi zako mwenyewe. Wakati ni siku moja mbili baada ya mvua, udongo uwe na unyevu lakini ukiufinya haushiki kama tope. Kavu unapoteza ule unga unaoshikanisha mawe, na bila huo unga changarawe inabaki kuviringika tu.

fundi_vyuma
Na kama unachongesha kwa fundi wa kuchomelea, mwambie makali yawe ya kisu cha greda kilichotumika, kile chuma kinadumu sana, afunge kwa bolti asichomelee ili kikiisha ubadilishe. Pini za mikono ya chini kwenye 290 ni za saizi ya pili, milimita 28, usikubali akuwekee za 22 za trekta ndogo.

parachichi_kusini
Kesho asubuhi naenda na futi kupima matairi, mchana nipo kwa fundi. Mvua zetu zinaanza Novemba, nikipata ile ya kwanza na boksi liko tayari nitawaletea picha za kabla na baada.