Tonga wamepandaje hivi kwenye raga ya wachezaji 13?

Kijana_wa_Makorora: Wakuu habari. Mi raga naijua ile ya wachezaji saba, sasa juzi nimekutana na marudio ya Tonga na Australia ya 2019, Tonga kashinda 16-12 pale Auckland. Nchi ya watu kama laki moja tu! Hawa jamaa wametokea wapi? Mwenye kujua anieleweshe.

Mzee wa Trai: Mkuu, vipaji vilikuwepo siku zote ila vilikuwa vinavaa jezi za wengine. Watonga wengi wanazaliwa au kukulia Auckland, Sydney, Brisbane, kijana akiiva tu anabebwa na New Zealand au Australia. Mwaka 2017, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, Jason Taumalolo akaiacha New Zealand, Andrew Fifita akaikacha Australia, na wote walijua Tonga hakuna hela ya maana. Kanuni inaruhusu, ukitoka timu ya daraja la kwanza, yaani vigogo kama New Zealand na Australia, unaweza kuchezea nchi ya asili yako iliyo daraja la pili. Basi tarehe 11 Novemba pale Hamilton wanakutana na New Zealand hiyohiyo, mapumziko wako nyuma 16-2, filimbi ya mwisho Tonga 28-22. Ile mechi itafute uiangalie yote.

dada_raga: Na nusu fainali na England jamani! Zimebaki dakika saba hivi ni 20-0, uwanja mwekundu mtupu kwa mashabiki wa Tonga, Tonga wakapiga trai tatu mfululizo (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani) ikawa 20-18, sekunde za mwisho Fifita anaukimbilia mstari mpira ukamponyoka, refa akasema kaudondosha mbele, ambayo ni kosa, na video hakuangalia. Inaniuma mpaka leo.

Mzee wa Trai: Watonga wenyewe waliandamana kudai ile trai.

Kipanga77: Kocha Kristian Woolf naye apewe haki yake, alikuwepo kabla mastaa hawajaja. Kinachowaangusha ni uhaba wa mechi. 2019 wamewapiga Great Britain 14-6, wiki iliyofuata Australia, halafu korona ikaingia, kucheza tena ni 2022. Mwaka huohuo Samoa wakawatoa robo fainali ya Kombe la Dunia 20-18 na wakafika fainali, wamepita njia ileile ya wachezaji kurudi kwao. 2024 kwenye Pacific Championships, mashindano ya nchi za Pasifiki, Tonga wamemfunga New Zealand 25-24, fainali wakafa 20-14 kwa Australia. Hawa wapewe mechi kubwa kila mwaka, wameshastahili.

Kijana_wa_Makorora: Asanteni sana. Naanza na ya Hamilton, ya England nitaijia wikiendi.