Mrejesho: Mimi mkimya, mume wangu mchangamfu, na mzigo usiolingana

Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu nilipouliza kama ni haki kwamba mimi, mtu mkimya, ndiye ninayesikiliza, ninayefuatilia dawa za mama mkwe kule Kondoa na ninayeanza kutafuta suluhu kila tunapokosana, ilhali mume wangu, anayefahamika mtaani kwetu Dodoma kwa ucheshi wake, hupokea tu.

Wengine mlinishauri niondoke. Sikuona sababu ya kufika huko, kwa kuwa mume wangu si mchoyo. Hudhani tu kwamba asiyelalamika hana haja. Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi, alieleza mwaka 1921 kwamba wapo watu ambao nafsi zao huelekea nje na wengine ndani, lakini tofauti hiyo haiamui nani atoe na nani apokee.

Kwa hiyo nilimtajia mambo mahususi: akirudi kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, aniulize siku yangu ilikwendaje kabla ya kusimulia yake, simu za kwao azipige mwenyewe, na wageni wa Jumapili asiwaalike bila kunishauri, kwani baada ya wiki nzima ya kufundisha darasa lililojaa nahitaji utulivu. La simu amelishika vizuri mno, na mama mkwe amefurahi kuisikia sauti ya mwanawe. La wageni bado linatusumbua, ingawa sasa hunijulisha mapema. Suluhu ningali ninaianza mimi, na nimemweleza waziwazi kwamba hilo sitalinyamazia.